Kumshinda Baba Nelima

Mtu akiinuka kutoka kwenye kiti, tayari ninajua mambo yake mengi. Najua goti linalomuuma, najua kama mgongo umechoka, najua hata kama ana aibu. Nilifundisha watu mazoezi mjini Kitale kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaosoma haya. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Bungoma na kuku wangu na migomba yangu, lakini jicho halijastaafu. Hata kanisani tukiambiwa tusimame, najikuta ninatazama magoti ya watu badala ya kutafuta ukurasa wa wimbo.

Juzi walikuja vijana wawili waliofungua jimu hapa karibu na soko. Wakanipigia hodi, nikawapa chai, wakaanza kunionyesha picha za mashine zao kwenye simu. Mashine nzuri, zinang'aa. Mmoja akaniuliza, "Madam Rose, siri ya hii kazi ni gani? Maana watu wanaingia wiki ya kwanza wakiwa wengi, wiki ya tatu umebaki na mashine zako."

Nilijaribu kuwajibu pale pale, nikaona siwezi kwa maneno machache. Ndiyo maana ninaandika. Yasome nawe, hata kama jimu unaiona ukipita tu barabarani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Juma, bondia wa zamani aliyekuwa akiishi nyuma ya msikiti pale Kitale. Jimu yake ilikuwa gereji kabla ya kuwa jimu, na sakafu ilinuka oili mpaka siku tulipohama. Vyuma alitengeneza mwenyewe. Alichukua mikebe ya rangi, akaijaza saruji, akachomeka bomba la maji katikati. Saruji haikuwahi kulingana. Upande mmoja ulikuwa mzito, mwingine mwepesi, kwa hiyo kila mtu akimaliza mzunguko Mzee Juma alipiga kelele, "Geuka!" Mtu anageuka, anashika upya, ili upande mzito uende mkono mwingine. Wageni walidhani ni mtindo fulani wa mazoezi kutoka ng'ambo. Kuna mmoja alienda kuufundisha Kachibora.

Mimi niliingia pale nikiwa msichana wa voliboli, nina miguu mirefu na mdomo. Wiki yangu ya kwanza nilipewa mwuza nyama mmoja, mtu wa kitambi na heshima zake. Nilitaka aone kwamba mwanamke naye anajua kazi, basi nikamchuchumaza mpaka jasho likalowesha shati. Alinishukuru sana. Kesho yake wateja wakamkuta buchani anakata nyama akiwa ameketi kwenye kreti ya soda. Wakimuuliza, anasema, "Ni yule dada wa jimu." Ngazi za nyumba yake alizishuka kinyumenyume siku kadhaa. Mzee Juma alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniambia, "Siku ya kwanza, mtu aende nyumbani akiwa bado anataka. Ukimshibisha, harudi." Hilo likawa somo langu la kwanza, na mwuza nyama ndiye aliyelipia kwa mapaja yake.

Baadaye mambo yakabadilika. Tukapata vyuma vya dukani. Tukapata kioo cha ukuta mzima, na kioo kilileta ugonjwa wake, kwa sababu watu wakaanza kufanyia mazoezi kile tu wanachokiona. Tukawa na vijana wenye vifua kama debe na miguu ya kuku. Tukapata mashine ya kukimbilia, na mama mmoja mfanyabiashara akapanda akiwa na mkoba begani, kwa sababu hakuamini watu wa mjini. Stima ikapotea katikati ya safari. Alishuka pole pole, akaangalia huku na huku, akauliza, "Sasa hapa ni wapi?" Na mwisho zikaja simu. Kijana anainua chuma mara mbili, anajitazama kwenye video kwa muda ambao angeweza kuinua mara kumi.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Zamani kulikuwa na saruji. Ninachosema ni kwamba mashine hubadilika na mtu habadiliki. Anaingia mlangoni na kitu ambacho hakusema, na kazi yako ni kukiona kabla hajakuambia. Hapo ndipo ninapotaka kuwaeleza habari za Baba Nelima.

Alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Tongaren. Siku aliyoingia kwetu alivaa koti la kanisani na viatu vya ngozi, akamshikia mlango msichana wa miaka kumi na sita aliyetembelea mkongojo. Akaniambia, "Mwalimu, nimekuletea mama yangu."

Nikachungulia nyuma yake kutafuta bibi kizee. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikaelewa. Msichana alipewa jina la mama yake mzee, Nelima, na huku kwetu baba humwita binti kama huyo "mama" mpaka anaolewa na zaidi.

"Alivunjika mguu," akaendelea. "Plasta imetolewa, daktari amesema mfupa umeshika vizuri. Rakini anakataa mazoezi."

Alisema "rakini", kama wengi wetu wa upande huu ambao l na r hubadilishana viti midomoni mwetu.

"Sikatai," Nelima akasema. "Nachoka tu."

"Anakataa," baba yake akasema.

Nikautazama mguu. Wa kushoto ulikuwa umekonda kuanzia pajani, suruali inaning'inia. Hilo si la kutisha. Mguu ukikaa ndani ya plasta unakonda, na ukipewa kazi unarudi. Kilichonitia wasiwasi ni jinsi alivyosimama, uzito wote kwenye mguu wa kulia na kwenye mkongojo, na ule wa kushoto ameuweka pembeni kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kwa muda. Mtu akishauacha mguu wake namna hiyo, una kazi mbili, ya mguu na ya mwenye mguu.

Baba akanieleza mengine msichana alipoenda kunywa maji. Walikuwa kwenye pikipiki, yeye akiendesha, Nelima nyuma, wakateleza. Nelima alikuwa akichezea shule yake voliboli, mrukaji wa mbele kwenye wavu. Sasa alikuwa akikaa kwa shangazi yake Kibomet ili awe karibu na hospitali, na shule ilikuwa imemsubirisha mpaka apone. Baba mwenyewe alikuwa akija Kitale siku za soko, ana kazi kwenye ghala moja la mahindi.

"Kazi gani?" nikauliza.

"Nashika mizani," akasema haraka, kwa sababu Nelima alikuwa anarudi.

Nilikuwa na benchi fupi, fupi kuliko kiti. Mtu anaketi, anainuka bila kushika kitu. Ndilo zoezi la kwanza kwa mguu uliotoka kwenye plasta. Nelima aliliangalia benchi, akaangalia wale vijana wa kioo, akatikisa kichwa. Sikumlazimisha. Mkumbuke hili: aliyeumia msimwambie aanze yeye. Nikageukia baba.

"Baba Nelima, anza wewe."

Akavua koti, akalikunja, akaketi. Akajaribu kuinuka. Akafika katikati, akatetemeka, akarudi chini puu.

"Aki miguu imekataa," akasema. "Tangu tuanguke, hata mimi si yule."

Nelima akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini kilitoka. Akaniachia mkongojo, akaketi kwenye lile benchi, akauma mdomo, akainuka. Goti lilicheza kama jani, lakini akasimama.

"Baba, nimekushinda."

"Umenishinda, mama. Tunapona pamoja, rakini wewe unanitangulia."

Sasa ngoja niwaambie nilichokiona mimi. Mtu huyo alipovua koti, shingo yake ilikuwa nene kama ya fahali, na pale bega linapokutana na shingo ngozi ilikuwa imekomaa, nyeusi, ngumu. Ile si ngozi ya mtu wa mizani. Ni ngozi ya mtu anayebeba magunia. Mbeba magunia hashindwi na benchi.

Nilimvuta kando walipokuwa wanaondoka. "Baba Nelima, unafanya nini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Umemwona akicheka?"

"Nimemwona."

"Tangu tuanguke hajacheka. Niache tu, mwalimu."

Nikamwambia, "Nitakuacha. Lakini huyu mtoto ameujua mwili wako tangu alipokuwa anabebwa juu yake. Atakugundua."

"Akigundua atakuwa ameshapona," akasema, akavaa koti lake.

Basi ikawa hivyo. Kila siku ya soko walikuja. Niliwafundisha kukaa ukutani, yaani unaegemeza mgongo kwenye ukuta, unashuka mpaka mapaja yawe sawa na sakafu kana kwamba umekalia kiti, ila kiti hakipo. Linaonekana jepesi mpaka ulijaribu. Niliwafundisha kupanda sanduku la mbao kwa mguu mmoja. Kuna ufundi hapo ambao ningependa mwondoke nao. Goti lielekee kule vidole vinakoelekea, lisiingie ndani. Kisigino kikanyage, mtu asipande kwa ncha ya kidole. Na wewe mwalimu usisimame mbele ya mtu aliyeumia ukimtazama usoni. Simama nyuma, upande wa mguu mbovu, mikono karibu bila kumgusa. Akijua upo atathubutu, na akikuona ataanza kukuangukia.

Baba Nelima alishindwa kila mara. Alishindwa kwa ufundi, nitampa sifa hiyo. Aliguna, alishika kiuno, alilaumu uzee. Alianguka kutoka ukutani dakika ile ile binti yake alipokaribia kuchoka, si mapema wala si baadaye. Na Nelima alipanda. Paja likaanza kujaa. Mkongojo ukaachwa mlangoni, kisha ukaachwa kwa shangazi. Wale vijana wa kioo walimsalimia, "Niaje, Nelima," naye akawajibu, "Poa, bado nampiga mzee."

Halafu siku moja ya soko baba alichelewa. Nelima, akiwa amejiamini, akaamua kumfuata ghalani kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa amewahi kufika. Alinieleza baadaye alichokiona.

Kulikuwa na lori limeegeshwa na ubao umeegemezwa nyuma yake kama ngazi. Watu walikuwa wakipandisha magunia ya mahindi. Baba yake alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Aliinama, wenzake wawili wakamwekea gunia shingoni, akapanda ule ubao mbio mbio, akalitua ndani ya lori, akashuka akiruka, anacheka, anamtania mtu kuhusu mke wake. Akainama tena. Nelima alisimama kando ya uzio akitazama mpaka lori lilipojaa. Baba yake hakushika kiuno hata mara moja.

Aliporudi jimu aliketi kwenye lile benchi fupi na kungoja. Baba aliingia anapepea kofia, jasho limemkauka usoni.

"Pole, mama, mizani leo ilisumbua. Tuanze?"

"Nimekuona kwa ghala," Nelima akasema.

Jimu ina kelele, vyuma vinagongana, redio inaimba. Lakini niliona ile kofia ikiacha kupepea.

"Ulikuwa unakimbia na gunia. Kwa ubao. Na ukisema miguu si ile."

"Mama, ngoja nikueleze."

"Ulinibeba ujinga." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kila siku nikikushinda nilikuwa najiambia, sawa, napona. Kumbe nashinda mtu amelala. Sasa nitajuaje kama nimepona? Si uniambie wewe. Nitajuaje?"

Nelima akainuka kutoka kwenye benchi bila kushika kitu. Aliinuka vizuri kabisa, vizuri kuliko siku zote, lakini yeye hakuliona hilo. Akatoka. Siku zilizofuata hakuja. Shangazi yake akanipigia simu kwamba ameuchukua tena mkongojo, anautembelea hata ndani ya nyumba, na habari za kurudi shule hataki kuzisikia.

Baba Nelima aliendelea kuja. Alikuwa anaketi kwenye benchi la kungojea pale mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Siku ya pili nilimletea chai, nikaketi naye. Akaniambia yaliyokuwa moyoni, na nitayaandika kama alivyoyasema.

"Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mwalimu. Nilikuwa nimebeba mbolea, gunia zima, na yeye nyuma ya gunia. Akaniambia, Baba, acha nitembee, matope ni mengi. Nikamwambia, panda, ni hapa tu. Tulipoteleza, pikipiki ilimlalia yeye. Mimi niliinuka nikajipangusa. Hata kovu sina. Natafuta kovu kwa mwili wangu sioni. Sasa nitamwambiaje kwamba mimi ni mzima? Ndiyo nikasema na mimi niliumia. Nikaona tukiumia wawili, yeye hatakuwa peke yake."

Kazi yetu haifundishi mambo haya, lakini yatakukuta. Nilimwambia nililolijua kutokana na kazi.

"Njoo umshinde."

"Nimshinde mtoto mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Alivunjika akaungwa. Anachotafuta sasa ni mtu wa kumpima, na wewe umemnyima. Umshinde kwa nguvu zako zote. Akishindwa na mtu mzima kweli, atajua yuko wapi."

"Atalia."

"Alie."

Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Kisha akaniomba niende naye Kibomet, kwa sababu aliogopa kwenda peke yake. Mtu anayepanda ubao na gunia la mahindi shingoni aliogopa msichana wake. Nikafunga jimu, tukaenda.

Nelima alikuwa uani kwa shangazi yake anamenya viazi, mkongojo umeegemea ukuta karibu naye. Alituona akaendelea kumenya. Baba yake akasimama mbele yake, kofia kifuani.

"Mama, mimi sikuumia. Siku ile niliinuka mzima. Uliniambia nikuache utembee nikakataa. Wewe ulivunjika, mimi nikabaki hivi, na nikaona aibu kuwa hivi. Nimekudanganya. Sitakudanganya tena."

Kisu kikasimama.

"Hilo la kutembea nilikuwa nimesahau," Nelima akasema.

"Mimi sijasahau."

Kuku alikuja akaokota ganda la kiazi akaenda nalo.

"Baba, kama ningekuwa mbele na wewe nyuma, ungevunjika wewe. Na mimi nisingekudanganya ati niliumia." Akachukua kiazi kingine. "Ningekusukuma tu ufanye mazoezi."

"Basi kesho kuja," baba akasema. "Nimekuja kukuambia nitakushinda."

Nelima akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kweli?"

"Nitakushinda mpaka ulie."

Mimi nilitaka kumkanyaga mguu, maana nilimwambia amshinde, sikumwambia atangaze. Lakini Nelima aliweka kisu kwenye sufuria, akapangusa mikono kwenye sketi yake. "Sawa," akasema. "Kuja na viatu vya mazoezi. Hivyo vya kanisa vitakupa kisingizio."

Kesho yake alikuja na raba za kuazima, moja imefungwa kwa uzi. Wakakaa ukutani, bega kwa bega. Sikuhesabu, niliwatazama tu. Nelima alianza kutetemeka mapema. Baba yake alikaa pale kama sehemu ya ukuta, anatazama mbele, anapumua kwa pua. Binti aliteleza mpaka sakafuni. Baba akaendelea kukaa. Aliendelea mpaka ikawa wazi kwa kila mtu, kisha akaongeza kidogo. Kwenye sanduku alimwacha mbali tena. Nelima alikaa sakafuni na machozi yakamtoka, machozi ya hasira, anayafuta kwa kiwiko.

Kijana mmoja wa pale kwenye kioo akasema, "Mzee, si umhurumie kidogo, bana."

Nelima akamgeukia. "Wewe nyamaza. Hujui tuko wapi."

Kijana akarudi kwenye simu yake. Baba Nelima alisimama pale, mikono haijui pa kwenda. Nilijua anavyotamani kuinama amwinue. Nikamtikisia kichwa. Nelima akainuka mwenyewe.

"Siku ya soko ijayo," akamwambia baba yake.

Hapo ndipo mazoezi yalipoanza kweli. Yale ya mwanzo yalikuwa maigizo ya watu wanaopendana. Nelima alianza kuja hata siku ambazo baba hayupo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akawa anauliza maswali. "Kocha, nitamshindaje baba ukutani?" Nikamweleza kwamba mbeba magunia ana nguvu ya ghafla, ya kupokea mzigo na kuondoka nao. Kukaa ukutani kunataka nguvu ya kusubiri, na hiyo hujengwa pole pole. Nikamweleza pia kwamba yeye ni mwepesi kuliko baba yake, kwa hiyo miguu yake ina mzigo mdogo wa kushikilia. Akinyoosha mgongo wote ukutani na kuacha kubana pumzi, atamsumbua. Alinisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda nyumbani.

Siku za soko alishindwa. Alishindwa tena. Lakini baba yake alianza kutokwa na jasho, na baada ya wiki kadhaa alianza kutazama pembeni kuona binti amefika wapi. Nikajua kitu kinakuja.

Kabla sijawaeleza siku yenyewe, najua mtataka kujua yaliyoupata mguu. Nelima alirudi shule muhula uliofuata. Voliboli aliirudia pia, ingawa si mbele kwenye wavu kama zamani. Mguu ule hauruki kama ulivyokuwa ukiruka, na sitawadanganya kwamba mazoezi hurudisha kila kitu. Alihamia nyuma, kwa wale wanaopokea mipira, kazi ya kuinama na kusubiri, na mwalimu wake wa michezo alinitumia ujumbe kuniuliza nani alimfundisha msichana huyu kushuka chini namna ile na kukaa.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na kufunguliwa kwa shule. Baba Nelima aliingia akiwa na furaha. Mahindi yake yalikuwa yamefanya vizuri, na njiani alikuwa ameshamwambia mlinzi wa jengo kwamba anaenda kumchapa mtoto wake na atarudi sasa hivi. Alipasha mwili moto kwa kupiga makofi. Nelima alinyoosha mgongo ukutani, akashuka.

Wakakaa. Mtu mmoja akazima redio, na wengine wakaacha vyuma vyao wakaja. Nilisimama kando, upande wa mguu wa kushoto kama kawaida, lakini sikuutazama ule mguu. Nilitazama raba za baba. Kwanza zilitulia. Kisha kisigino kimoja kikaanza kuinuka. Akakirudisha chini. Kikainuka tena. Mapaja yakaanza kutetemeka, mtetemo ule ambao mtu hawezi kuuigiza, unaoanzia ndani kabisa ya nyama na kupanda mpaka kwenye mashavu. Akatoa sauti. Akakaza shingo yake ile ya magunia, kana kwamba shingo ingeweza kumsaidia. Akashuka kidogo, akajipandisha, akashuka, na raba zikateleza, na Baba Nelima akakaa sakafuni.

Nelima alikuwa bado yuko ukutani.

"Huu ukuta una mafuta," baba akasema.

Akazitazama zile raba.

"Hizi raba si zangu. Na leo asubuhi nilipakia lori mbili. Turudie."

Wakapumzika, wakarudia. Nelima akamshinda tena, na safari hii baba alianguka mapema zaidi. Watu wakapiga makofi. Baba Nelima aliinuka, akachukua koti lake bila kulivaa, akasema kwamba yeye ana kazi ghalani na watu wengine wana muda wa kuchezea kwenye kuta, akatoka. Hakuniaga. Hakumuaga hata binti yake.

Nelima alishuka ukutani pole pole, akaja dirishani akasimama karibu yangu, anahema. Kule barabarani baba yake alikuwa anavuka, koti begani, anaongea peke yake na kupunga mkono mmoja.

"Kocha, umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekasirika."

"Sana."

"Hapana, lakini mwone. Haigizi." Alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili na kuegemea, miguu yote miwili imekanyaga sakafu sawasawa. "Amekasirika kweli."